Zambarau ni Nani

Mtu wa madeni alifika saa nne asubuhi, saa ambayo barazani kwa Mama Vifungo kunakuwa na wateja, na wala hakukosea saa. Wenye kazi ile wanaijua saa ya aibu kama muuza maziwa anavyoijua alfajiri. Viatu vilimeremeta, shati la mikono mirefu, na kifuani kakumbatia faili jekundu kama mtoto mwenye homa. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeshambatiza: Bwana Faili.

"Wewe ndiye uliyekuwa unatoboa matundu ya vifungo kule kwenye karakana ya sare za shule?"

"Ndiye. Karibu kiti, baba."

"Sijaja kukaa."

Jamani! Mgeni akikataa kiti, usimuulize hali, mwulize anadai nini. Mama Vifungo akatoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaacha kuongea. Mmoja, mwenye kitambaa cha maua, akaanza kukunja pochi yake taratibu ili asikose neno.

Bwana Faili akasoma kwa sauti ya mtangaza msiba. Mwajiri wa zamani anamdai laki tisa, thamani ya mashati mia na themanini aliyoyaharibu wakati wa utumishi wake. Juu yake elfu tisini, gharama za ufuatiliaji. Siku kumi na nne. Asipolipa, wataomba kibali cha kuchukua mali. Alipofika kwenye neno mali, macho yake yaliiacha karatasi, yakaenda kutua kwenye cherehani. Yakakaa hapo hapo kama nzi kwenye kidonda.

"Mashati gani?" Mama Vifungo akauliza.

"Yaliyoharibika."

"Yameharibikaje?"

"Imeandikwa yameharibika."

"Nguo haiharibiki hivi hivi kama maziwa. Imechanika? Imeungua pasi? Imechuja?"

"Mama, mimi nakusanya, sishoni." Akatoa kalamu. "Saini hapa tu kwamba umepokea barua."

Mama Vifungo alikuwa msomaji wa polepole, mwenye kupitisha kidole chini ya kila neno, na siku ile upole ule ulimwokoa. Kidole kilitembea, kikatembea, kikasimama.

"Hapa hapajaandikwa nimepokea. Pameandikwa nimepokea na ninakiri."

"Ni maneno ya fomu tu hayo."

"Basi yasainiwe na fomu." Akamrudishia kalamu yake. "Kaniletee shati moja nilione kwa macho yangu. Deni nisilolijua sura silipokei mlangoni."

Bwana Faili akaandika kitu kwenye faili lake, akaondoka bila kuaga. Mwenye kitambaa cha maua akakohoa.

"Mama Vifungo, mwenzangu, nipe tu kile kitambaa changu. Si kwa ubaya. Wakija kubeba vitu, watajuaje kipi chako kipi changu?"

"Nimeshakikata tayari."

"Nipe hivyo hivyo kilivyokatwa."

Akampa. Vipande tisa, mikono miwili, kola na mfuko vikiwamo, vimefungwa kwenye gazeti. Na malipo ya awali aliyokuwa ametanguliza akayadai papo hapo, akayahesabu mbele ya mwenzake, akasema Mungu atakusaidia.

*

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli. Alikaa kona ya soko na meza yenye funguo mia tatu zinazoning'inia, na miaka ishirini ya kufungulia watu milango ilikuwa imemfundisha jambo moja: hakuna anayefunga mlango bure. Jioni ile aliisoma barua mara tatu, akaigeuza nyuma kuangalia kama nako kuna maneno.

"Niambie kweli, mke wangu. Miaka kumi na moja hukuharibu hata shati moja?"

"Niliharibu matano. Nikakatwa Jumamosi ile ile."

"Matano na mia na themanini ni ndugu."

"Unanishuku?"

"Mimi namshuku mtu? Mimi nauliza." Akakunja barua. "Ila na hii cherehani..."

"Cherehani ina nini?"

"Ulisema pesa yake ni ya kikundi chenu cha kuchangiana."

"Ni ya kikundi."

"Ulisema. Mimi kikundi sikukiona. Niliona cherehani inashushwa."

Miezi saba walikuwa wamekaa na cherehani ile, mumewe akila hela yake, akivaa suruali zilizopunguzwa miguu humo humo, na kumbe miezi yote saba swali lilikuwa limekaa kwenye koo lake kama mwiba wa samaki! Mama Vifungo alimtazama kana kwamba amekuta mtu mwingine kavaa fulana ya mumewe.

"Hata jina langu lilikuwa la mkosi," akasema mwishowe. "Mama Vifungo. Sasa kimebaki kifungo chenyewe."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo alipogutuka. Nyumba ile ilikuwa na mtu wa kucheka. Dada mdogo wa mumewe, Chiriku, aliyeishi nao na aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa akiongea hata akiwa na mswaki mdomoni, alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, akiusukuma wali upande huu wa sahani, akiurudisha upande ule.

Chiriku alifanya kazi karakana ile ile. Mama Vifungo mwenyewe ndiye aliyempeleka, mwezi wa mwisho kabla hajaacha kazi.

"Chiriku, huko kazini kwenu umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, wifi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nimeshiba."

Akainuka na sahani yake. Chiriku! Mtu aliyekuwa akirudi na habari za wanawake arobaini, nani kagombana na mumewe, nani kavaa viatu vya kuazima, leo mashati mia na themanini yameharibika kwenye chumba kimoja naye na hajasikia kitu. Mama Vifungo aliiangalia sahani iliyojaa, akaanza kuhesabu moyoni.

Kabla ya kulala, mumewe alileta mnyororo wa pikipiki, akaupitisha kwenye mguu wa chuma wa cherehani na kwenye nondo za dirisha, akapiga kufuli kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Wakija wakute imefungwa."

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu."

"Nipe mmoja."

"Zitakaa kwangu. Ni usalama tu."

Tangu siku hiyo alishona na mnyororo ukimgonga goti. Kila tundu alilotoboa, mnyororo ulilia, na kila mteja aliyekuja aliuangalia kwanza mnyororo ndipo akatoa salamu.

*

Siku ya sita Bwana Faili alirudi na shati kwenye mfuko wa nailoni. Safari hii kiti alikikubali. Jua lilikuwa kali na viatu vilikuwa vinambana, na alipodhani hakuna anayemwona alitoa kisigino kimoja kiatuni.

"Haya, shati lako hilo."

"Shati lenu."

Akalitandaza mapajani. Shati jeupe la mvulana, nembo ya shule kwenye mfuko. Akaligeuza pindo, akaona alichokuwa anakiogopa: mishono miwili midogo ya uzi wa zambarau.

Kule karakana hawakuandikana majina kwenye kazi. Kila mshonaji alikuwa na rangi yake, na kila nguo aliyomaliza aliifunga mishono miwili ya rangi hiyo ndani ya pindo. Jumamosi Madamu, mwenye karakana, alihesabu rangi akalipa kwa rangi. Kijani alipata zake, manjano zake. Mama Vifungo kwa miaka kumi na moja alikuwa zambarau.

"Rangi yako, si rangi yako?" Bwana Faili akauliza.

Mama Vifungo alifunga vifungo vya shati lile kimoja kimoja, na kwenye kifungo cha pili vidole vyake vikajikwaa. Matundu yalikuwa upande wa kulia wa mvaaji, upande wa blauzi. Shati la mvulana matundu yake hukaa kushoto, hata mtoto wa mshonaji analijua hilo. Mia na themanini kwa shule ya wavulana pekee! Aliwaona kabisa wakivishana, wakicheka, wakiitana dada.

Lakini si hilo lililomtoa jasho. Lililomtoa jasho ni ncha za matundu. Kila ncha ilikuwa imekazwa kwa mishono mitatu, miwili kwenda na mmoja kurudi. Pale karakana hakuna aliyekuwa anajisumbua hivyo. Aliyekuwa anafanya hivyo ni yeye. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, kwenye shati ambalo hajawahi kulishika.

"Hii oda ilishonwa lini?"

Bwana Faili akasitasita, akafungua faili kidogo tu, kama mtu anayechungulia bafuni. "Miezi miwili iliyopita."

"Na mimi nimeacha kazi lini?"

"Hiyo mtaongea na Madamu."

Mama Vifungo akaingia ndani, akarudi na kopo la vifungo. Akamwaga vifungo vyote kwenye khanga, na chini kabisa, iliyokunjwa mara nne, ikatoka barua yake ya kuacha kazi yenye mhuri wa karakana. Bwana Faili akaisoma. Akairudia. Akakirudisha kisigino kwenye kiatu.

"Miezi saba," akasema.

"Miezi saba. Nilitoboa kwa njozi?"

"Madamu anasema rangi ni yako. Daftari lake linasema rangi ni yako." Sauti ilikuwa imepungua nguvu. "Mimi nalipwa kwa kinachopatikana, mama. Wakiniambia zambarau, naifuata zambarau."

*

Alimngojea Chiriku kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, mahali ambapo jirani wa ukuta angesikia maji tu. Chiriku aliporudi kutoka kazini alimkuta anakamua shuka. Akampa ncha ya pili. Wakakamua pamoja, mmoja huku mmoja kule, shuka likijisokota kati yao.

"Siku ninaondoka nilikupa nini?"

"Wifi..."

"Nilikupa nini?"

"Uzi."

"Rangi gani?"

Maji yalichuruzika. Mazoea ya pale yalikuwa hayo: anayeondoka humwachia mwanafunzi wake rangi yake, naye akaitunza. Siku ile walipigiwa vigelegele, wakakumbatiana, Chiriku akasema uzi huu nitazikwa nao.

"Walinipa kola miezi mitano," Chiriku akasema, akiongea na shuka. "Halafu mwenye mashine ya matundu akaugua. Madamu akasema, wewe si wa Mama Vifungo? Kaa. Nikakaa. Nikafanya kama ulivyonifundisha, wifi, haki ya Mungu, kila kitu kama ulivyonifundisha. Mashati yakarudi na gari. Madamu akanisimamisha mbele za watu, akauliza, nani kakufundisha huu uchawi? Nikasema wewe."

"Ukasema mimi."

"Si ndiye? Sikujua anauliza ili akudai! Nilidhani anauliza tu. Halafu ile barua ilipokuja..." Akaachia ncha yake ya shuka, likaanguka kwenye vumbi. "Kaka angenifukuza. Na wewe ungenifukuza. Nikasema nikae kimya ipite."

"Deni halipiti kama mvua, Chiriku."

Mama Vifungo alikuwa na maneno, tena mengi, ya siku sita yaliyoiva. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamwasha zaidi ya hasira. Akalichukua shati la Bwana Faili lililokuwa limeachwa, akalitandaza juu ya beseni lililogeuzwa.

"Nionyeshe ulivyoliweka."

Chiriku akaliweka, kola mbele, pindo tumboni kwake. Akagusa upande wa mkono wake wa kushoto. "Hapa."

"Kwa nini kushoto?"

"Ndivyo ulivyokuwa unafanya. Nilikuwa nakuangalia kila jioni."

"Ukiwa umekaa wapi?"

"Si mezani! Mbele yako."

Akasema, akasikia alichosema. Wote wawili wakaliangalia shati. Jioni thelathini, mwalimu upande huu wa meza na mwanafunzi upande ule, wakitazamana kama watu kwenye kioo. Kila kulia kwake kulikuwa kushoto kwa mwenzake. Mtoto wa watu kajifunza vizuri, kakariri mpaka ncha za mishono mitatu, na kakariri kinyume.

"Loo," Mama Vifungo akasema. Halafu akaliokota shuka, likarudi kwenye beseni, likafuliwa upya. Hakusema amemsamehe. Hakusema hajamsamehe. Na usiku ule mumewe alipouliza mnazungumza nini huko nyuma muda wote ule, wote wawili walijibu kwa mpigo: "Nguo." Akawaangalia, akaenda kuhakikisha kufuli.

*

Siku ya kumi na mbili alivaa gauni lake la harusi za watu, akaenda karakana. Mumewe alitaka kufuatana naye, akakataliwa mlangoni.

"Unaenda kuongea nini ambacho mimi nisisikie?"

"Ukinipa ufunguo nitakwambia."

Mumewe akashika mfuko wake wa suruali. Hakuutoa.

Mashine arobaini zilikuwa zinavuma. Chiriku alikuwa mstari wa tatu, kichwa chini. Madamu alikuwa kwenye meza yake ya juu, ile iliyoinuliwa kwa mbao ili aone mikono ya kila mtu, na Bwana Faili yupo kando yake, amesimama, kwa kuwa pale hakuwa amekaribishwa kiti.

"Ehe, mfanyabiashara!" Madamu akasema kwa sauti ya kufika hadi mstari wa mwisho. "Umeleta pesa? Nasikia wateja wako hawana idadi. Nasikia hata walimu wa shule zangu ninazozishonea wanakuletea sketi siku hizi."

Basi ndiyo hiyo! Mama Vifungo alikuwa amejiuliza siku kumi na mbili: mtu anajua fika nani kaharibu, kwa nini anidai mimi? Chiriku hana cha kuchukuliwa hata ukimgeuza kichwa chini. Mwenye cha kuchukuliwa ni mwenye cherehani. Wakiibeba cherehani, walimu na sketi zao watarudi wapi?

"Shikamoo, Madamu. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Lile daftari la rangi lipo?"

"Lipo. Na zambarau ni wewe." Akalifungua, akaligeuza. Kweli: zambarau, na mbele yake jina la Mama Vifungo, kwa wino wa miaka kumi na moja.

"Na karatasi za malipo zinafuata daftari hili?"

"Tangu lini wewe ukawa mkaguzi?"

"Nauliza. Zambarau amelipwa Jumamosi iliyopita?"

Mashine za mstari wa mbele zikapunguza mwendo. Madamu akafunga daftari, ila Bwana Faili alikuwa na faili, na faili lilikuwa na nakala ya malipo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameiomba ili kuthibitisha rangi. Akaitazama.

"Amelipwa," akasema. "Kila Jumamosi."

"Basi Madamu, chagua," Mama Vifungo akasema. Sauti ilitoka imenyooka kama uzi uliopakwa nta. "Kama zambarau ni mimi, mimi sijawahi kuacha kazi. Nimetoboa miezi saba na sijaona senti. Nilipe Jumamosi zangu zote, na akiba yangu ya uzeeni ya miezi saba, kisha nitakulipa mashati yako. Na kama zambarau si mimi, futa jina langu kwenye hiyo barua."

"Ulikuwa unafanya kwa siri! Wifi yako anakuletea kazi nyumbani!"

"Mashine ya matundu ya chuma kizima anaibeba kwenye kikapu?"

Mtu mmoja mstari wa pili alicheka, akajifanya anapiga chafya. Madamu akainuka.

"Haya! Tumalize. Zambarau ni nani?"

Lilikuwa swali la kutisha watu, si la kujibiwa. Mashine zikazimika moja baada ya nyingine mpaka likasikika panga la feni. Mama Vifungo akamwangalia Chiriku, akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Na alimaanisha. Alikuwa amekuja na hesabu zake, na kwenye hesabu zile hakukuwa na haja ya kumtaja mtu.

Chiriku akainuka.

"Zambarau ni mimi."

"Kaa chini!" Madamu akafoka.

"Ni mimi, Madamu. Mashati nimeyaharibu mimi. Wifi hakuyagusa. Ni mimi ninayesaini kila Jumamosi, umeniambia mwenyewe niandike zambarau tu, jina nisiandike."

Bwana Faili alikuwa anapekua karatasi zake kwa haraka, akilowesha kidole.

"Madamu, huyu binti hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi uliyonipa."

"Ni kibarua tu."

"Wa miezi saba?"

"Bwana, umekuja kunikusanyia au kunihoji? Haya, mdai yeye! Si amekiri?"

"Nitamdai kwa mkataba gani?" Bwana Faili akafunga faili. "Nikienda kuomba kibali wataniuliza ni nani wako. Nikisema mfanyakazi, watauliza michango yake ilienda wapi. Nikisema si mfanyakazi, watauliza alishikaje mashine. Mimi hapo sitii mguu." Akavuta pumzi. "Ila nauli yangu ya safari mbili nitaidai."

Madamu akakaa. Uso wake ulikuwa umevimba kama unga uliotiwa hamira. Akachukua barua ya madai, akataka kuichana, na Mama Vifungo akaiwahi kwa kiganja.

"Usichane. Andika juu yake kwamba simo, kisha tia mhuri. Karatasi iliyochanwa huzaliwa tena."

Akaandika. Akapiga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka. Kisha, bila kuinua kichwa: "Na huyo mwingine achukue vitu vyake. Sasa hivi."

Vitu vya Chiriku vilikuwa kikombe, kandambili na uzi wa zambarau. Alipofika mlangoni, mwanamke wa rangi ya kijani alianza kigelegele, akakikatisha katikati, maana Madamu alikuwa ameinua macho.

*

Mumewe aliipandisha barua kwenye mwanga, akaukwaruza mhuri kwa ukucha, akaunusa. Yaani aliunusa mhuri!

"Ni wa kweli," akasema.

"Nashukuru kwa kuniamini."

"Mke wangu..."

"Dada yako amefukuzwa kazi leo kwa kusema kweli mbele ya watu arobaini. Wewe umelala na funguo tatu mfukoni siku kumi na mbili." Akanyoosha kiganja. "Lete."

Akatoa mmoja. Kiganja hakikurudi. Akatoa wa pili. Kiganja bado kiko pale pale, wazi. Akautafuta wa tatu mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia, akauvua shingoni ulipokuwa umening'inia kwenye kamba ya kiatu, akauweka juu ya wenzake.

"Na kile kikundi," akasema akiangalia miguu yake. "Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili. Jumapili njoo uwaone. Uwahesabu, uwanuse."

Mnyororo ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Jirani wa ukuta akagonga, akauliza kuna nini.

Chiriku alikuwa amekaa mahali pake pa zamani, ng'ambo ya meza, macho yamevimba, kikombe chake bado mkononi. Mama Vifungo akatoa shati la mvulana, lile lile, akafumua vifungo vyake vyote. Akakata kipande cha kitambaa kikuukuu cha kufanyia mazoezi. Akakaa. Kisha akasimama, akakivuta kigoda kutoka ng'ambo ya pili, Chiriku akiwa bado juu yake nusu nusu, akakileta ubavuni kwake mpaka mabega yakagusana.

"Huku. Hatutazamani tena, mimi na wewe. Kulia kwangu?"

"Kulia kwangu."

"Weka kitambaa."

Chiriku akaweka. Tundu la kwanza likatoka limepinda, ila upande wake. Akakaza ncha mishono mitatu, miwili kwenda, mmoja kurudi. La pili likanyooka. Alipofika la tatu alivuta kamasi, akameza mate, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na mbili mdomo ukafunguka:

"Wifi, hivi ulimwona yule wa kijani alivyokimeza kigelegele? Ngoja nikwambie, huyo ana mambo! Mwezi jana alikuja na viatu..."

"Sema tu," Mama Vifungo akasema, akimvuta mkono kulia kidogo. "Lakini macho hapa."